Tafakari ya Wiki: Kumkuta Duryodhana Mbinguni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii nimekuwa na mwisho wa Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Si Maandiko yetu, wala sitaki kuulazimisha useme ya kwetu. Ila umenisumbua, na mwenye kunisumbua hivyo huwa nakaa naye.

Kwa ufupi: miaka 36 baada ya vita vya Kurukshetra, vita vya ndugu kwa ndugu, mfalme Yudhishthira anaacha enzi na kushika njia ya Himalaya. Yuko na wadogo zake wanne, Bhima na Arjuna wakiwemo, mke wao wa pamoja Draupadi, na mbwa aliyejifuatia tu. Wadogo zake na Draupadi wanaanguka njiani, mmoja baada ya mwingine. Mungu Indra anakuja na gari la kumpeleka mbinguni, kwa sharti mbwa abaki. Mzee anakataa katakata. Kumbe mbwa ni mungu Dharma, baba yake, anamjaribu.

Wengi huishia hapo, maana panapendeza. Mimi nimekwama mbele kidogo. Anaingia mbinguni, na anayemwona kwenye kiti cha enzi, anang'aa kama jua, ni Duryodhana! Binamu yule yule aliyewapora ufalme kwa mchezo wa dadu, Draupadi akaburutwa kwa nywele mbele ya baraza. Ndugu zake mwenyewe hawaonekani. Yudhishthira anageuza uso: huyu sitaki hata kumtazama, nipelekeni waliko wenzangu. Narada, mwenye hekima wa mbinguni, anatabasamu na kumwambia huku hakuna uadui. Hasikii.

Aliyekuwa tayari kuikosa mbingu kwa ajili ya mbwa, hawezi kukaa humo na binamu yake.

Basi mjumbe wa miungu anampeleka. Njia ni giza, utelezi wa damu, nzi, uvundo. Anataka kurudi, ndipo sauti zinamsihi: kaa kidogo, upepo unaokuja nawe unatupoza. Ni akina nani? Mimi Bhima. Mimi Arjuna. Mimi Draupadi. Anamwambia mjumbe aende zake, yeye habanduki. Nilimkumbuka Musa katika Kutoka 32, akiomba afutwe kitabuni ikiwa watu hawatasamehewa. Tofauti ni kwamba Musa aliwaombea waliokosa, mikono yao bado ina dhahabu ya ndama.

Mateso yale yalikuwa ya kuonyeshwa tu, yanatoweka. Mfalme anaoga katika mto Ganga wa mbinguni, mwili wa kibinadamu unamtoka, na uadui unaondoka nao. Hapo tunaachana na utenzi. Katika Mathayo 5:44 Yesu hakusema tungoje mwili ututoke. Anatutaka tuwaombee adui zetu tungali na mwili huu unaokumbuka kila kitu. (Aliyeumizwa asiharakishwe, tafadhali. Na kumwombea mtu si kumrudishia ufunguo wa nyumba.)

Jumatano kwenye maombi ya jumuiya, pamoja na wagonjwa na wasafiri, kila mmoja aje na jina moja la mtu ambaye hangependa kumkuta kule. Si lazima kulitaja kwa sauti.