394,000 kwa bustani ya mama

Harufu ya mchaichai ndiyo iliyonitoa jikoni. Ilipita dirishani ikiwa kali, na kwa sekunde mbili tatu nikaifurahia kabla akili haijanijia: mchaichai hautoi harufu ya namna ile mpaka ukatwe. Nilipofika uani nikamkuta kijana na fyekeo lake, anapandisha na kushusha, na mchaichai wa mama, kichaka kipana kama sufuria ya pilau ya shughuli, umelala chini pamoja na magugu.

"Kwani si majani tu, dada?" akaniuliza.

Na kweli, kwa asiyeujua, mchaichai ni majani tu.

Nirudi nyuma kidogo. Nyumba ni ya mama, iko Tegeta, Dar es Salaam, kiwanja cha mita 20 kwa 25. Nyumba imekula karibu nusu, iliyobaki ni bustani. Mama alishahamia Tanga kwa kaka, mimi nilikuwa Dodoma kikazi miaka miwili, nyumba ikabaki na mlinzi ambaye kazi yake, kama alivyonieleza bila wasiwasi wowote, ni geti. Nilirudi mwanzoni mwa Mei, masika hayajaisha vizuri. Majani yalinifika kiunoni. Michongoma ya uzio ilikuwa imetoka nje inawachana wapita njia, makonokono yamejipanga ukutani, na chini ya mwembe hapapitiki. Siku ya tatu simu ikaja: wageni wa posa ya mdogo wangu watafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama hakusema mengi. "Wasije wakadhani hatuishi hapo," basi.

Nilianza na kampuni. Wakaja wawili wenye fulana za kufanana, wakapima kwa futi kamba, wakapiga picha, kesho yake wakanitumia makadirio: shilingi 950,000. Humo ndani kulikuwa na nyasi mpya za kapeti na mawe meupe ya kupambia njia. Sikuwa nimeomba mawe. Nikawashukuru.

Mlinzi akaniletea vijana watatu kutoka kijiweni. Walianzia 250,000, tukavutana, tukafika 180,000 "kusafisha bustani yote". Nikawapa 100,000 ya kuanzia, kishika uchumba kabisa, na posa yenyewe bado haijafika. Hatukuandikiana, lakini sidhani kama karatasi ingenisaidia. Shida ilikuwa kwenye lile neno kusafisha. Kwangu mimi lilibeba mizizi, michongoma, taka kuondoka na uwanja kufagiwa. Kwao lilibeba kufyeka.

Na kufyeka walifyeka, siwanyimi haki yao. Walikuja na mashine ya petroli ya kukodi, mmoja anaendesha, wengine wanamaliza pembeni kwa fyekeo. Kokoto moja iliruka ikagonga geti mpaka mlinzi akaamka. Kufikia mchana wa siku ya pili bustani nzima ilikuwa chini, na juu yake yamesimama marundo saba ya majani mabichi, makubwa kunishinda kimo.

"Na haya?"

"Taka ni bei nyingine, dada. Laki na ishirini."

Nikashika kiuno. Mmoja wao, nadhani kwa nia njema, akasema tuyachome tu. Kabla sijajibu kiberiti kimeshawashwa. Majani mabichi hayawaki, yanafuka, na moshi ule mzito wa njano ukavuka ukuta moja kwa moja kwenye kamba ya nguo za jirani. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoona aibu zaidi. Alikuja getini na mtoto mgongoni akasema, "Jirani, huyu ana pumu." Tukamwaga ndoo tano za maji. Nikawapa wale vijana 40,000 juu ya ile laki, wakaondoka wakinung'unika, na mimi nikabaki nikinung'unika, na marundo yangu saba.

Siku nne baadaye mvua ilinyesha usiku. Asubuhi nikafungua mlango: uwanja mzima una kijani kipya, kinang'aa, urefu wa kidole. Nikaona bora huo ukoka unarudi. Haukuwa ukoka.

Pale Barabara ya Bagamoyo kuna watu wanaouza miche na vyungu pembezoni mwa barabara, mmoja baada ya mwingine. Nilikwenda kutafuta vyungu vikubwa vya kuzibia sehemu mbaya, nia yangu ni hiyo tu. Muuzaji mmoja alikuwa mzee mwembamba, amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza chini juu, anahamisha miche ya boganvilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vyungu vya nini?"

Nikajikuta namsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Walikata au waling'oa?"

Jioni akaja. Hakuzunguka bustani kama watu wa kampuni. Alichuchumaa palepale kwenye njia ya kutoka getini, akatoa mfukoni kipande cha panga lililovunjika, si kirefu kuliko kiganja, akakizamisha pembeni ya jani moja na kunyanyua taratibu. Kikatoka kijani, kikatoka kizizi, na kwenye kizizi punje nyeusi kama ya njegere, halafu uzi, halafu punje nyingine, halafu uzi tena, shanga kabisa. Alivuta mpaka zikafika nne, ya mwisho ikakatika ikabaki chini. Akaichimba nayo akaitoa.

"Ndago," akasema. "Kila punje moja ni mche wake. Ukikata juu, chini inazaa. Hao wa juzi wamekupalilia ndago, mwanangu, wamekuondolea majani yaliyokuwa yanaizibia jua."

Nikamuuliza kuhusu dawa ya magugu, maana duka la pembejeo liko hatua chache tu. Akasema ile ya kuua kila kitu itaondoka na ukoka pia, na wageni watakuta mabaka ya njano. Kisha akataja bei: 20,000 kwa siku na chakula cha mchana, siku tano. Kubeba habebi, mgongo umekataa, nitafute kijana mmoja wa nguvu. Nikajaribu 15,000.

"Hao wa juzi uliwapa ngapi?"

Nikasema aanze kesho.

Kwanza taka. Mwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, alitaka 60,000 kwa tripu, na nilipolalamika akanieleza kwa upole wa mtu aliyezoea kulalamikiwa: dampo liko Pugu Kinyamwezi, yeye yuko Tegeta, lazima avuke jiji zima na foleni zake na arudi. Marundo yangu ni tripu mbili. Piga hesabu: 120,000. Nikawakumbuka wale vijana. Laki na ishirini waliyotaja haikuwa wizi, ilikuwa ndiyo bei yenyewe, ila waliitaja mwishoni, na mimi sikuuliza mwanzoni.

Mzee ndiye aliyeikata hesabu hiyo nusu. Alimwonyesha kijana mahali pa kuchimba shimo nyuma ya tangi la maji, wakaanza kupanga: majani ya kufyeka, samadi, majani makavu ya mwembe, samadi tena, maji kidogo. Ndago alizikataza kabisa humo, hata moja, kwa sababu mbojini zingeota tu. Zilikwenda kwenye viroba, pamoja na matawi na michongoma ambayo hakuna anayetaka kuishika mara mbili, yote yakaondoka kwa tripu moja. Hiyo 60,000, na 10,000 ya wapakiaji wawili.

Mpangilio wake wa kazi ulinishangaza. Nilitegemea aanzie kwenye kona mbaya kuliko zote. Siku mbili za kwanza hakutoka kwenye njia na ule ukanda wa kati ya geti na baraza, anachimba ndago amechuchumaa, anasogea kwa nusu hatua, ndoo pembeni. Udongo ulikuwa laini kwa mvua na alisema hiyo ni bahati, kiangazi punje hukatikia chini. Siku ya tatu alifunga uzi kutoka nguzo hadi nguzo na kukata michongoma kwa kuufuata, kijana nyuma yake akiokota miiba kwa reki. Siku ya nne na ya tano waling'oa vipande vya ukoka kutoka pembeni ya ukuta, ulikokuwa umejaa mpaka unabanana, wakavipandikiza kwenye vipara vya mbele, kiganja kimoja kati ya kipande na kipande. Sikununua hata kapeti moja ya nyasi. Kule nyuma kwenye kona mbaya aliacha kama palivyo. "Huko mgeni hafiki."

Kijana alifanya siku tatu kwa 12,000. Chakula niliwaagizia kwa mama ntilie, sahani 3,000, sahani nane kwa siku zote. Viroba sita vya samadi kwa 4,000 kila kimoja.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Vijana wa mwanzo 140,000. Kirikuu na wapakiaji 70,000. Mzee 100,000, kijana wake 36,000, chakula 24,000, samadi 24,000. Jumla 394,000, chini ya nusu ya ile ya kampuni, ingawa kusema kweli kampuni ingefanya na ile kona ya nyuma, na mimi ningelala. Ningeanza na mzee nikamtafutia vijana wawili wa kufyeka kwa siku mbili, 12,000 kila mmoja na chakula, ningetumia kama 315,000. Hiyo tofauti ya karibu elfu themanini nailipia neno kusafisha.

Siku hizi nikitaka kazi ya bustani nauliza kwanza taka inakwenda wapi na kwa gharama ya nani, kabla hata ya bei. Halafu kama ni kukata au kung'oa. Na sipendi tena kuchanganya malipo. Kufyeka nalipa kwa kazi nzima, maana hata wakienda mbio, kazi inaonekana kama imekwisha au bado. Kung'oa nalipa kwa siku, kwa sababu mtu wa ndago ukimlipa kwa kazi nzima atakimbia, na ndago hazing'oleki kwa mbio. Ila kulipa kwa siku kuna sharti lake: uwepo, au awepo mtu unayemwamini. Mlinzi wangu hahesabiki, yeye ni wa geti.

Mama alifika Ijumaa jioni. Alipita kwenye njia bila kusema kitu, akapita baraza, akaenda moja kwa moja upande wa jikoni na kusimama mbele ya mchaichai, ambao wakati huo ulikuwa umechipua vidole vifupi vya kijani.

"Nani kaukata huu?"

Nikasema mlinzi.

Jumamosi washenga wakakaa chini ya mwembe, wakanywa chai ya tangawizi kwa kuwa ya mchaichai haikuwezekana, na mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akauliza ni nani aliyenyoosha michongoma namna ile. Hayo mengine ya posa si ya hapa.

Mzee bado anakuja, Jumamosi mbili kwa mwezi. Ndago hazijaisha, hasa karibu na tangi, na yeye hajawahi kuniahidi kwamba zitaisha. Anachuchumaa na kile kipande chake cha panga, anajaza nusu ndoo, anakunywa chai, anaondoka. Ile mboji ya nyuma imeshakuwa nyeusi, amechukua viroba viwili kwa ajili ya miche yake na akaniletea asumini wawili. Mwezi uliopita amepandisha, sasa ni 25,000 kwa siku. Nikampa.