Mwarobaini shimoni: nilivyopambana na mbu kabla hawajaruka

Nilianza kwa kujipaka mafuta ya mchaichai. Mbu kweli wanakaa mbali, ila harufu ikishapeperuka, ndani ya saa moja au mbili, wanarudi. Mwanangu alikuwa ameugua malaria mara mbili katika msimu mmoja wa mvua, na iliniuma kumpaka mtoto mafuta kila jioni wakati mbu wengine wanaanguliwa nyuma ya nyumba.

Huko nyuma kuna shimo la maji ya bustani ambalo siwezi kulimwaga wala kulifunika lote. Siku moja niliinama nikaona viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji. Hao ni wa Anofelesi, mbu wa malaria. Wa mbu wengine wengi huning'inia vichwa chini.

Nikaokota kokwa za mwarobaini, nikazikausha kivulini, nikazibangua na kutwanga viini vyake. Gramu 50 nililoweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, kisha nikachuja kwa kitambaa. Yanatoka maji meupe kama tui la pili, machungu kupita kiasi.

Sikuyamimina shimoni moja kwa moja. Nilichukua ndoo mbili za maji ya shimo, kila moja viluwiluwi 20, moja nikaitia nusu lita ya dawa, zote nikazifunika kwa kipande cha chandarua. Siku ya kwanza hakufa hata mmoja. Ya pili, vilevile. Nilikaribia kukata tamaa, kwa sababu nilitarajia sumu ya papo hapo, na mwarobaini haufanyi hivyo. Azadirakitini, kemikali yake kuu, huvuruga homoni zinazomwezesha mdudu kujivua ngozi akue. Siku ya nane, kwenye ndoo isiyo na dawa mbu walikuwa wanagonga chandarua. Kwenye ile nyingine wengi walielea wamekufa, na mmoja alikuwa amekwama nusu ndani ya ngozi yake ya zamani. Nilimtazama muda mrefu.

Sasa namimina shimoni kila wiki, jioni, maana jua huiharibu azadirakitini upesi. Siku za mwanzo mbu waliendelea kutoka: waliokwisha kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu kamili, hawali kitu, kwa hiyo dawa haiwapati. Shimo langu halina samaki, na maji yake hayanywi mtu wala mnyama. Kwenye maji ya kunywa nisingethubutu.

Chandarua tunakilalia kama kawaida. Dawa iliyotiwa kwenye chandarua nayo ina asili ya mmea: kemikali zake, pairethroidi, zilitengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto.

Kila Ijumaa asubuhi nachota shimoni kwa bakuli jeupe, nahesabu. Mara ya mwisho niliona wawili, wadogo kama nyuzi.