Hearty haiendi msibani

Mi mtu wa Tanga, Kampala hapa naingia mwaka wa sita sasa, napika kwenye hoteli moja ndogo huku Ntinda. Kiingereza cha darasani nilikuja nacho lakini kuna neno lilikua linanichanganya, "hearty". Kwenye menyu yetu katogo, chakula cha asubuhi cha huku, imeandikwa hivyo, mi nikajua heart si moyo, basi hearty ni kitu kinachotoka moyoni, nikatulia.

Mwezi wa nne jirani yangu kafiwa na mama ake, nikanunua kadi nikaandika "hearty condolences", na nilikua namaanisha kabisa. Dada mmoja Mganda tunayefanya nae kazi akaisoma kabla sijaipeleka, akakaa nayo kidogo mkononi alafu akaniambia taratibu, nnyabo (yaani bibie) hapa weka heartfelt.

Kumbe hearty ina uchangamfu ndani yake, ina nguvu na hata kelele. Hearty welcome ni mapokezi ya bashasha, hearty laugh ni kile kicheko cha mtu mpaka mabega yanatikisika, mwenye hearty appetite ni yule anayekula kwa hamu sio wa kudonoadonoa, na mzee aliyekula chumvi nyingi ila bado analima mwenyewe wanasema yuko hale and hearty, yaani buheri wa afya. Sasa bashasha msibani ya nini? Uchungu wa moyoni una neno lake, heartfelt, na hilohilo ndo la shukrani nzito. (Kuna na hardy, Mmarekani akiongea zinafanana sana, ila hardy ni sugu, kama mmea unaostahimili baridi.)

Sisi tuna moyo mkunjufu, ndo inakaribia kabisa hearty welcome, ila supu ikiitwa hearty huwezi kuiambia ina moyo mkunjufu, chakula tunasema kinashibisha basi. Katogo ndo hiyo sasa, matoke na utumbo vimeivia sufuria moja mpaka mchuzi umekua mzito unashika kijiko, mtu akila saa moja asubuhi mchana haulizi chakula.

Kadi nikanunua nyingine, nikaandika heartfelt, na chini yake nikaongeza kitalo nnyo kama wanavyopeana pole wenyewe. Alafu nikapika katogo sufuria kubwa nikaipeleka pale msibani, waliokesha wakala wote.