Laini ikikatika Gulu, logi zinakaa wapi?

Watu wakianza kuchagua mfumo wa kukusanya logi (yale maandishi seva inayoandika kila jambo linapotokea) wanakimbilia kuuliza upi una spidi, Kafka au Flume au Fluentd, na mi naona hilo ni swali la wenye seva zote kwenye jengo moja. Sisi seva zingine ziko Kampala, zingine Gulu na Mbarara, na hapo katikati kuna intaneti inayokuja na kuondoka, so kwangu swali la kwanza ni mtandao ukipotea masaa matatu, logi za hayo masaa ziko wapi?

Syslog ya UDP, ile njia ya kutuma logi bila kusubiri jibu kwamba zimefika, inatuma tu, ikipotea imepotea na hutajua. Kafka, ile LinkedIn waliyoiachia 2011, inaandika kila kitu kwenye diski na kuweka nakala kwenye seva kadhaa, ni mtambo wa maana kabisa, lakini kama broka (seva zake za kupokea logi) ziko Kampala bado unahitaji kitu hukohuko Gulu cha kushika logi, na kuiendesha kunataka watu, timu ndogo itachoka.

Mi nasimama na Fluent Bit, programu ndogo inayokaa kwenye seva ya tawi, inakusanya logi na kuzituma. Imeandikwa kwa C, inakula memori kidogo sana tofauti na Logstash, mkusanyaji mwingine wa logi, inayotaka JVM (ile ya kuendeshea programu za Java). Ila usiiache ilivyokuja jamani!! Yenyewe inashikilia logi kwenye memori, umeme ukienda ambazo hazijatumwa zimekwenda nao, na ikishindwa kutuma inarudia mara 1 tu halafu inatupa. Weka storage.type iwe filesystem (zikae kwenye diski), Retry_Limit iwe no_limits (irudie bila kuchoka), afu weka kikomo cha diski maana ikijaa inaangusha mpaka ile huduma uliyokuwa unaichunga.

Kampala zinapofikia naweka Loki, ghala la logi, inaindeksi lebo tu (alama fupi kama jina la tawi), sio kila neno kama Elasticsearch, kwa hiyo diski inapumua. Lakini kila tawi lipate lebo yake, hii ni muhimu sana, kwa sababu Loki kwa kawaida inakataa logi iliyochelewa zaidi ya kama lisaa limoja nyuma ya ile mpya kabisa kwenye mkondo uleule (logi zenye lebo zilezile), sasa Gulu na Kampala wakichangia lebo, Gulu ikirudi hewani mzigo wake uliochelewa zaidi ya hapo unakataliwa. Namba ya muamala nayo isiwe lebo, indeksi itavimba.

Kabla hujaamua, chomoa kebo ya tawi moja mchana mzima, zima na seva uiwashe tena, kisha rudisha kebo uhesabu mistari pande zote mbili.