Nimezaliwa chini ya Kibo, theluji nimekuja kuigusa Lesotho

Sisi Wachagga tuliotawanyika tuna jambo moja la kujisifia ambalo hapingi mtu. Mwenzako akitaja theluji, unamjibu tu, "Ah, sisi kwetu tunaiangalia huku tunapiga mswaki." Maneno hayo nimewauzia wenzangu wa kazini hapa Pretoria miaka tisa. Na si uongo. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama uani kwetu Kibosho, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko pale na mvi zake. Ila mlimani nimepanda mara moja tu, safari ya shule, tukaishia kituo cha Mandara, mita 2,720, tukala mikate na mayai ya kuchemsha tukateremka. Theluji tukaiacha hukohuko juu ilikokuwa.

Aliyeniumbua ni binti yangu wa miaka kumi na miwili, tena mezani, mbele ya mama yangu aliyekuwa amekuja kututembelea. "Kwa hiyo baba hujawahi kuishika?" Nikamgeukia mama anitetee. Akatafuna, akameza, akasema, "Mimi nina miaka sabini na mmoja pale chini yake na sijaishika. Nani kakwambia inashikwa?"

Basi likizo ya Julai tukaenda Afriski.

Ukisema unakwenda kuteleza kwenye theluji watu wanafikiria Uswisi na mkopo wa benki. Afriski iko Lesotho, kwenye Milima ya Maluti, karibu na Mahlasela, pale barabara inapovuka mgongo wa mlima kwenye mita 3,222. Nyumba za wageni zenyewe ziko mita 3,050 hivi. Yaani unalala juu kuliko Mandara na gari umeliegesha mlangoni. Randi inapokelewa, maana loti ya Lesotho thamani yake ni hiyohiyo, na kutoka kwetu ni safari ya siku moja kwa gari.

Tulikuwa watano: mimi, mama, binti, mdogo wake wa kiume wa miaka minane, na mke wangu. Mke wangu ni mtoto wa Tanga mjini. Kwake yeye baridi ni feni ikiwekwa namba tatu. Alifunga suruali nne, vitenge viwili, chupa ya chai ya tangawizi, na uso wa mtu anayekwenda msibani.

Baada ya Villiers unaingia barabara ya R26, na hapo hakuna cha kusimulia: mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, maghala marefu ya nafaka, Frankfort, Reitz. Kisha kikatokea kibao cha Bethlehem. Mama hakuwa ameambiwa. Alifanya ishara ya msalaba, akaniamuru nisimamishe gari, akapigwa picha pembeni ya kibao huku malori yanatupita. Nilimweleza kwamba hii ni Bethlehem ya makaburu. Akaniambia jina ni jina.

Mpakani Caledonspoort tulichelewa kwa uzembe wangu. Gari bado nalilipia, na gari la mkopo ukilitoa nje ya Afrika Kusini unatakiwa uwe na barua ya benki. Ninayo, ila iko kwenye simu, na simu imekata chaji. Mke wangu hakusema neno. Alinipa waya wa chaji kimya kimya, na kile kimya nakikumbuka hadi leo.

Ukishaipita Butha-Buthe mlima unaanza kazi. Njia ya mlimani ya Moteng ni kona juu ya kona mpaka mita 2,820, na penye kivuli maji yaliyovuja barabarani yameganda yakawa kioo. Niliendesha gia ya pili mikono imekakamaa. Mama, kiti cha nyuma, alimaliza matendo yote ya uchungu ya rozari akaanza ya utukufu. Nje, vijana wachungaji wamejifunika mablanketi mazito ya Kisotho, buti za mpira miguuni, mbwa pembeni, wanatupungia mkono kana kwamba wako Coco Beach.

Halafu tukafika, na watoto wakanyamaza.

Niseme ukweli wa nilichokiona kwanza. Mlima mzima ni wa kahawia, majani makavu yamelala, na katikati umepita mstari mmoja mweupe kama shuka refu lililoanikwa na mtu akasahau kulianua. Ndiyo theluji yenyewe. Kumbe huku mvua ni za kiangazi, Julai ni baridi kavu. Theluji ya mbinguni inakuja inapojisikia, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na mashine. Usiku, joto likishuka chini ya sifuri, yale mabomba makubwa yanatema maji kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, matone yanaganda kabla hayajagusa ardhi. Kutoka kitandani unayasikia yakinguruma mpaka alfajiri.

"Ni feki," kijana wangu akatangaza. Bibi yake akamuuliza, "Na baridi hii nayo imeletwa na mashine?"

Viatu vya kutelezea ni adhabu. Vigumu kama ndoo, vinakubana ugoko, na vikishafungwa unatembea kama roboti. Mwalimu wetu, kijana wa Kisotho mwenye miwani ya rangi ya chungwa, alitupanga kwenye kilima cha wanaoanza akatufundisha kwa lugha ya chakula. Ukitaka kwenda, weka mbao zako za kutelezea, zile zinazofungwa chini ya viatu, sambamba: hizo ni chipsi. Ukitaka kusimama, kutanisha ncha za mbele, tanua nyuma: hiyo ni piza. Saa nzima kilima kizima kilikuwa kinapiga kelele "Piza! Piza!" na aliyekuwa anapigiwa kelele nyingi kuliko wote ni mimi.

Nilianguka mara kumi na nne, binti alihesabu. Kuanguka kwenyewe si kitu. Kazi ni kuinuka, maana mbao nazo zinateleza wakati unasukuma. Mara mbili nilianguka nikiwa bado sijaanza kushuka, nimening'inia kwenye kamba inayokupandisha, ile yenye kisahani cha kuweka katikati ya mapaja. Ukianguka pale unawazuia wote walioko nyuma yako, na walioko nyuma yangu walikuwa watoto wa darasa la pili.

Mke wangu je? Alishuka mara ya kwanza polepole, magoti yamelegea, mikono mbele, akasimama palepale alipotaka kusimama. Mara ya tatu akaomba apelekwe mteremko mkubwa, ule wa karibu kilomita moja. Mwalimu alimuuliza alijifunzia wapi. Jioni nilimuuliza mimi pia, kwa sauti ya chini kidogo. "Hujawahi kutembea kwenye tope la mikoko wewe," akaniambia. "Ukikaza miguu linakuangusha. Unalegeza, unalifuata linakotaka." Mimi nimekulia kwenye migomba na mawe. Kwetu miguu inakazwa.

Usiku ule kichwa kilinigonga kama kuna mtu anatwanga ndani. Ni kimo, hewa nyepesi, ni kunywa maji na kutulia. Mama, ambaye nilikuwa nimempangia hofu zote, alilala fofofo.

Siku ya pili alikataa kukaa na sisi. Alipata rafiki, mama mmoja mpishi wa makamo yake, hawana lugha ya pamoja hata moja. Nilipokwenda kumwangalia nikakuta wanafundishana. Nyama kwa Kisotho ni *nama*. Watu ni *batho*. Moto ni *mollo*, maji ni *metsi*. Mama alifurahi kama aliyekuta ndugu zake waliopotea. Chakula ndicho kilichomaliza kabisa: *papa*, ambayo ni ugali, na *moroho*, mboga za majani zilizokatwakatwa. "Hawa ni watu wetu," akaniambia, "ila chumvi wanaogopa." Kila kijana aliyepita alimsalimia *nkhono*, yaani bibi.

Theluji wanaiita *lehloa*. Hilo lilinikaa kichwani. Sisi "theluji" tumeipata kwa Waarabu na "barafu" kwa Waajemi, maneno yote mawili yamepanda jahazi. Na mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, kiongozi wake wa msafara alimwambia kwa kifupi tu: baridi.

Mchana huo nikamshika mama mkono tukashuka hadi ukingoni mwa ule mstari mweupe. Alikuwa amevaa kitenge juu ya suruali ya mkewe mwanawe, na blanketi la Kisotho aliloazimwa na rafiki yake. Akainama, akachota kwa kiganja kitupu. Akaifinya. Akanusa. "Yesu na Maria," akasema, "inauma." Kisha hakuitupa. Aliishika mpaka ikaanza kumtiririkia mkononi, akaniambia zamani, mimi nikiwa sijazaliwa, Kibo ilikuwa imevaa nyeupe mpaka chini zaidi, na siku hizi kuna asubuhi anaangalia juu anaona mawe.

Akaomba chupa. Ilipatikana ya soda, ndogo. Akaijaza, akaishindilia kwa kidole, akafunga.

Kabla hatujafika Butha-Buthe ilikuwa maji, na si mengi. Hakujali. Aliiweka kwenye sanduku katikati ya soksi, ikapanda ndege, ikafika Kibosho salama. Sasa iko kabatini sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa. Majuzi nilipompigia simu nilimkuta amenuna. Jirani yetu wa juu, anayeiona Kibo vizuri kutupita sisi, alikuja, akaichukua ile chupa, akaiinua kwenye mwanga, akauliza, "Si maji tu haya?"