Ami, na kusi ya mwaka jana?

Mwaka 2017 nilirudi Lamu likizoni na daftari langu la somo la mantiki, na jioni ya pili tu nikamvunjia ami yangu heshima barazani.

Tulikuwa tumekaa Langoni baada ya maghribi, kahawa imeshazunguka, na mazungumzo yalikuwa ya bandari mpya ya Lamu. Mitambo ilikuwa ikifukua mchanga chini ya bahari ili meli kubwa zipate kina. Ami yangu alianza kuvua kabla sijazaliwa. Akasema, "Tangu waanze kuchimba, samaki hakuna. Wametumalizia bahari." Nikamjibu mbele ya watu kwamba hoja hiyo haisimami, kwa sababu jambo kutangulia jingine si dalili kwamba ndilo lililolizaa. Nikatia na mfano: punda hulia kabla ya adhana ya alfajiri, lakini si yeye aletaye jua. Watu wakacheka. Ami akaweka kikombe, akaaga, akaenda zake.

Kosa nililomtajia ni kosa la kweli. Aristotle alihesabu aina 13 za hoja zinazopotosha, sita zinatokana na maneno yenyewe na saba ziko nje ya maneno, na mojawapo ya hizo saba ni kukichukua kisicho sababu na kukifanya sababu. Hoja ya ami ilikuwa ya ukoo huo. Lakini nilipolala usiku ule niliona kwamba nami nimeruka pengo kubwa kuliko lake. Kwa kuwa hoja yake ilikuwa na upungufu, nilisema kana kwamba bahari haijadhurika. Hilo sikuwa na ushahidi nalo hata chembe. Chuoni tulifundishwa waziwazi kwamba hoja dhaifu yaweza kubeba neno la kweli. Niliyaandika maneno hayo daftarini, nikayaacha humo.

Alfajiri nilimfuata pwani. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, akanipokea. Alipokuwa akishona jarife, wavu wake, nikamwuliza, "Ami, na kusi ya mwaka jana mlipata kiasi gani?"

Swali hilo lilikuwa na maana kwake kuliko somo langu zima. Kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, inapovuma bahari ya nje huchafuka, vyombo vidogo haviwezi kutoka, na samaki hupungua sokoni kila mwaka, bandari iwepo isiwepo. Mtu akilinganisha mwezi wa Juni na mwezi wa Januari ataona upungufu hata kama hakuna aliyechimba kitu. Kusi hulinganishwa na kusi, na kaskazi, upepo wa kaskazini, na kaskazi. Ami alinyamaza kidogo, kisha akasema kusi za nyuma nje kulikuwa hakwendeki, ila ndani ya mikondo tasi walikuwa wakipatikana. "Sasa hata ndani, mwanangu. Mai yamekuwa tope. Malema ya kutegea samaki nikiyatoa yana matope, na majani wanayokula tasi yamefunikwa."

Hapo ndipo nilipoipata hoja yenyewe. Sasa alikuwa ananionyesha njia ambayo dhara hupita: mchanga unafukuliwa, tope linaenea, linatua juu ya majani ya bahari na matumbawe, samaki wanakosa malisho na mazalio. Hoja ya namna hiyo inaweza kwenda kupimwa.

Mwaka uliofuata, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 kuhusu mradi huo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Barazani wakasema, "Mahakama imesema, yamekwisha." Nilifurahi kwa ajili ya wavuvi, lakini neno lile "yamekwisha" sikulipenda. Uzito wa hukumu unatoka kwenye ushahidi uliosikilizwa, na ushahidi huo ndio watu wetu wangepaswa kuujua kwa kichwa.

Kesi ya makaa ya mawe ilinifunza zaidi. Mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, huko huko Lamu, na mjini kila mtu alikuwa na la kusema. "Asiyetaka makaa anataka giza," kana kwamba jua na upepo havipo. "Yule amelipwa na wageni," na hoja yake ikabaki pale pale haijaguswa. Makosa ya upande ule niliyaona upesi. Ya upande wangu yalinichukua miezi. Mimi niliupinga mtambo ule, na wenzangu walipomkata mtu kwa kusema "huyu wa bara, atajua nini bahari," nilitikisa kichwa kukubali. Yule mtu alikuwa ameuliza swali la haki kuhusu ajira za vijana, na hakuna aliyemjibu. Leseni ilifutwa Juni 2019, kwa sababu mojawapo kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulimnyima jirani yetu jambo lile lile tulilolidai.

Siku hizi kabla ya kujibu namrudishia msemaji maneno yake: "Yaani unasema hivi, sivyo?" Akikubali kwamba nimemfahamu ndipo naendelea. Mara nyingi hujirekebisha mwenyewe, na hakuna anayeaibika. Kwa wazee sitaji jina la kosa kabisa. Nauliza kama nilivyomwuliza ami.

Yeye na mimi tulianza daftari jingine, la kilo: tarehe ya mwezi mwandamo, upepo, mahali, aina ya samaki. Yeye husema, mimi huandika, na nikiwa safarini huandika binti yake. Kuna wiki tatu tupu, mashine ya chombo ilipoharibika. Nilipomwambia tukisie tu ili ukurasa ujae, alikataa.

"Hatukwenda," alisema. "Andika hatukwenda."