Pikapu dhaifu na sauti ya roki ya miaka ya sitini

Wapigaji wenzangu huniuliza mara kwa mara wafunge pikapu gani (kifaa cha sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi, kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme) ili gitaa la umeme litoe sauti ya roki ya zamani, na karibu wote huanza na swali la nguvu: ipi ina nguvu zaidi? Jibu langu ni kwamba sauti wanayoitafuta ilitoka kwenye pikapu dhaifu, na kwamba anayeanza kwa kutafuta nguvu huipoteza sauti hiyo kabla hajalegeza hata skrubu moja. Naandika hapa kwa kirefu kidogo sababu za kuamini hivyo, na namna ninavyochagua mimi mwenyewe.

Ninaposema roki ya zamani nina maana mahsusi. Nazungumzia gitaa la Gibson Les Paul la mwishoni mwa miaka ya hamsini, likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya ya vali, yaani ile ya mirija ya kioo, iliyofunguliwa hadi karibu na mwisho, kama walivyofanya wapigaji wa Uingereza kuanzia katikati ya miaka ya sitini. Eric Clapton aliporekodi na bendi ya John Mayall mwaka 1966 alikuwa na Les Paul na amplifaya ya Marshall, na hadi leo wengi wetu tunaipima sauti ya roki kwa kipimo kile. Waliofuata njia hiyo ni wengi: Peter Green, Jimmy Page, na kule Texas Billy Gibbons. Magitaa waliyoyatumia yalikuwa yamekwisha kuacha kutengenezwa tangu mwaka 1960, kwa hiyo waliyanunua yakiwa yametumika, wakaipenda sauti waliyoikuta humo.

Pikapu zilizokuwa ndani ya magitaa hayo zilibuniwa na Seth Lover, mhandisi wa Gibson mjini Kalamazoo, Michigan. Kazi aliyopewa haikuwa kutengeneza sauti ya roki bali kuondoa mvumo. Pikapu ya koili moja (waya uliozungushwa mara nyingi), kama P-90 ambayo Gibson iliitoa mwaka 1946, hunasa mtikisiko wa nyuzi, lakini pia hunasa kila kinachotoka kwenye transfoma, taa na nyaya za ukutani. Huko Marekani mvumo huo ni wa hezi 60, na hapa kwetu ni wa hezi 50. Lover aliweka koili mbili sambamba, ya kwanza ikiwa upande wa kaskazini wa sumaku na ya pili upande wa kusini, kisha akaziunganisha kinyume. Mvumo unaoingia katika koili zote mbili hufutana, ilhali ishara ya uzi hujumlishwa. Ombi la hataza liliwasilishwa Juni 1955, magitaa yenye pikapu hizo yakaingia sokoni mwaka 1957, na hataza ikatolewa Julai 1959. Katika kipindi cha kusubiri, chini ya pikapu kulibandikwa kikaratasi cheusi cha kueleza kwamba hataza imeombwa, na kutokana na herufi za mwanzo za maneno hayo ya Kiingereza pikapu hizo zinaitwa PAF duniani kote. Jambo ambalo bado linanishangaza ni kwamba vibandiko vilivyofuata vilikuwa na namba 2,737,842, ambayo si hataza ya pikapu hata kidogo; ni ya kishikio cha nyuzi cha Les Paul mwenyewe.

Kinachotuhusu zaidi ni namna zilivyotengenezwa. Waya ulikuwa wa shaba, mwembamba kiasi cha milimita 0.06 hivi, wenye ngozi ya enameli, na kila koili ilikusudiwa kupata mizunguko kama 5,000. Hesabu hiyo haikusimamiwa kwa ukali, kwa hiyo pikapu moja ilipata waya mwingi na nyingine kidogo, na ndani ya pikapu hiyohiyo koili ya kulia iliweza kuzidi ya kushoto. Ukinzani wa pikapu zilizosalia, yaani kiasi waya unavyozuia umeme, hupatikana kati ya kilo-omu 7 na 9 hivi. Sumaku nazo zilikuwa za Alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), lakini daraja la ubora wake lilitofautiana: II, III, IV au V, kutegemea zilizokuwapo. Koili mbili zisipolingana, kufutana hakukamiliki. Mvumo kidogo hubaki, na pamoja nao hubaki sehemu ya masafa ya juu ambayo koili zinazolingana kabisa huyameza. Hapo ndipo unapotoka ule uwazi ambao wapigaji huutaja wanaposifu PAF nzuri. Tusisahau pia kwamba hakuna PAF mbili zinazofanana, na kwamba anayeuza pikapu mpya akidai ni nakala halisi ya PAF anapaswa kusema ni nakala ya ipi. Gitaa la Peter Green, kwa mfano, lilikuwa na sumaku iliyogeuzwa katika pikapu ya shingoni (ile iliyo karibu na shingo ya gitaa; nyingine, ya darajani, iko karibu na daraja linalobeba nyuzi), na kwa sababu hiyo swichi ikiwa katikati, pikapu zote mbili zikilia pamoja, lilitoa sauti nyembamba ya puani ambayo haikukusudiwa na kiwanda chochote. Leo kuna watengenezaji wanaouza seti zenye kasoro hiyohiyo kwa makusudi.

Mambo yalibadilika mwaka 1972, mtengenezaji wa pikapu Larry DiMarzio alipotoa Super Distortion, pikapu ya kubadilishia yenye sumaku ya seramiki na ukinzani wa zaidi ya kilo-omu 13. Iliisukuma amplifaya kwa nguvu hadi ikakwaruza mapema, na kwa kazi hiyo ni pikapu bora. Sina neno baya juu yake. Lakini sauti yake ni ya muongo uliofuata. Pikapu yenye nguvu nyingi huijaza amplifaya kabla mkono haujasema lolote: ukipiga taratibu inakwaruza, ukipiga kwa nguvu inakwaruza vilevile. Pikapu dhaifu huacha nafasi. Kitufe cha sauti kikiwa kwenye 10 amplifaya ya vali hunguruma. Ukikishusha hadi 6 inasafika, na kati ya hapo na pale kuna ngazi nyingi ambazo mkono wa kulia unaweza kuzipanda na kuzishuka ndani ya kifungu kimoja cha muziki. Wale wapigaji wa mwaka 1966 na 1968 hawakuwa na safu ndefu ya pedali za kubadilishia sauti. Walikuwa na kitufe hicho na vidole vyao, na pikapu iliyowaruhusu kuvitumia.

Sasa nije kwenye namba, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wauzaji huandika ukinzani kana kwamba ni kipimo cha nguvu, nao sio. Ukinzani hueleza urefu na unene wa waya tu. Pikapu ya mtengenezaji Seymour Duncan iitwayo JB husoma zaidi ya kilo-omu 16, lakini sehemu ya namba hiyo inatokana na waya mwembamba kuliko ule wa Gibson, si mizunguko peke yake. Halijoto pia huingilia: ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo pikapu iliyopimwa kilo-omu 8.0 katika chumba cha nyuzijoto 20 itasoma karibu 8.4 Dar es Salaam mchana wenye nyuzijoto 32. Tofauti kama hiyo ndiyo watu hubishania usiku kucha. Kipimo chenye manufaa zaidi ni induktansi, yaani kiasi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo wa umeme, ambayo huhesabiwa kwa henri. Kwa pikapu za mtindo wa PAF hukaa jirani na henri 4, na kadiri inavyopanda ndivyo sauti za juu zinavyozidi kufifia na za kati kunenepa. Mtengenezaji anayeichapisha huwa namwamini zaidi.

Baada ya mizunguko huja sumaku. Alniko V ni kali: besi yake imekaza na sauti nyembamba hutokeza. Alniko II ni laini, besi yake hulegea kidogo na mwanzo wa kila noti haumchomi msikilizaji sikioni. Kwa gitaa zito la umbo la Les Paul mimi hupendelea Alniko II au III shingoni, kwa sababu hapo uzi hutikisika kwa upana zaidi na besi hujaa haraka hadi noti hazitofautiani. Kwa sababu hiyohiyo pikapu ya shingoni iwe na mizunguko michache ya waya kuliko ya darajani. Seti iliyopimwa vizuri utaikuta na kilo-omu 7.2 au 7.4 shingoni na 8 na ushei darajani. Seth Lover mwenyewe, akiwa amekwisha kustaafu, alishirikiana na Seymour Duncan kutengeneza upya pikapu yake, na seti hiyo yenye jina lake ina vipimo vya namna hiyo na sumaku za Alniko II. Ndiyo ninayoitaja kwanza mtu anaponiuliza aanzie wapi. Anayetaka besi iliyokaza zaidi kwa kupiga riffu (vifungu vifupi vinavyorudiwa) za roki ya Uingereza atafaa zaidi na ile ya '59 ya Duncan huyohuyo, yenye Alniko V.

Kuna suala la nta. Pikapu za Kalamazoo hazikuchovywa ndani ya nta, kwa hiyo koili zake ziliweza kutikisika kidogo na kupokea hata sauti ya kidole kinachogonga mfuniko. Wengine husikia uhai katika hilo, nami ni mmoja wao, lakini ukipiga ukiwa umesimama mbele ya amplifaya yenye mkwaruzo mwingi pikapu hizo hupiga yowe kali ambalo kitufe cha sauti pekee ndicho kitakacholinyamazisha. Kwa mpigaji wa kanisani au wa ukumbini, iliyochovywa kidogo ni salama zaidi. Mfuniko nao uwe wa nikeli-silva kama wa zamani. Wa shaba ya njano hupitisha mikondo midogo ya umeme inayozifisha sauti za juu.

Kabla ya kununua chochote, fungua gitaa lako. Nilipoondoa kifuniko cha plastiki nyuma ya gitaa langu, lenye umbo la Les Paul lakini la bei ya kawaida, nikaachanisha waya wa pikapu na kugusisha ncha za multimita kwenye miguu miwili ya pembeni ya potensiometa (kipande kinachozungushwa na kitufe cha sauti au cha toni), ilisoma kilo-omu 238. Pikapu ya koili mbili inahitaji 500. Potensiometa ndogo huvujisha sauti za juu kwenda ardhini muda wote, hata kitufe kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na pikapu ya gharama kubwa ikifungwa juu yake itasikika imefunikwa blanketi. Kubadilisha potensiometa zote nne kuligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pikapu moja. Wakati huohuo nilihamisha kapasita ya maikrofaradi 0.022 ya kitufe cha toni kutoka mguu wa kuingilia wa kitufe cha sauti hadi mguu wake wa kati, kama Gibson ilivyofanya miaka ya hamsini, na tangu hapo naweza kushusha sauti bila gitaa kuwa na giza.

Urefu wa pikapu kutoka kwenye nyuzi ni jambo lingine la bure kabisa. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima kwa rula: anzia milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani, halafu shusha robo mzunguko wa skrubu kwa kila hatua huku ukisikiliza. Magitaa mengi hutoka kiwandani pikapu zikiwa zimepandishwa mno, na sumaku iliyo karibu sana huuvuta uzi, ikafupisha mlio wake na kuufanya uyumbe. Kwa baadhi ya watu hatua hii peke yake imetosha, wakabaki na pikapu walizokuwa nazo.

Ukiona bado unahitaji mpya, pima umbali kati ya skrubu ya uzi wa kwanza na ya uzi wa sita. Nafasi ya zamani ya Gibson ni milimita 49 au 50. Madaraja ya nyuzi yaliyopangwa kwa mtindo wa magitaa ya Fender yanahitaji karibu 53. Uliza pia kama waya unaotoka ni mmoja wenye ala ya msuko wa chuma au ni wa nyaya nne. Ule wa msuko ndio wa asili na unatosha, isipokuwa unataka kuzima koili moja kwa swichi. Huhitaji fundi maalumu wa magitaa kwa ajili ya kuunganisha: fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kazi hiyo, mradi umpe mchoro uliochapishwa, umwombe asiunguze potensiometa kwa kuushikilia moto muda mrefu, na uhakikishe waya wa arthi unaokwenda kwenye kishikio cha nyuzi umerudishwa mahali pake. Ukikosekana huo, utasikia mvumo unaonyamaza kila unapogusa kitu cha chuma chenye arthi. Pikapu za zamani, pamoja na springi na skrubu zake, zifunge kwenye mfuko ulioandikwa ipi ni ya shingoni na ipi ya darajani, kwa sababu siku ukiliuza gitaa mnunuzi ataziulizia, na wewe utataka kubaki na zako mpya.